Blade: Trinity na Hofu Iliyotupwa

Wapo wanaodai kwamba filamu ya mapigano na vitisho haidaiwi ila panga na damu. Dai hilo ni dharau kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio chake, akabanana kwenye benchi la kibanda cha video Tabata, akamsikiliza mfasiri wa mtindo wa Lufufu akiwatia Wamarekani Kiswahili kinywani.

Blade ya mwaka 1998 ilimheshimu mtu huyo. Shujaa wake ni mwana wa mama aliyeng'atwa na mnyonya damu akiwa mjamzito. Nusu binadamu, nusu kile anachokiwinda. Hofu ilikuwa humo, si menoni. Mwaka 2002 Guillermo del Toro akaikuza, akamlazimisha Blade kushirikiana na mahasimu wake.

Kisha, mwaka 2004, ikaja Blade: Trinity. David S. Goyer, mwandishi wa zote tatu, safari hii aliongoza mwenyewe. Basi hana wa kumsingizia. Wesley Snipes anasukumwa pembeni katika kisa chake mwenyewe ili wapishwe vijana wawili, mmoja wao mtani asiyefumba kinywa. Na Dracula, aliyetisha watu tangu riwaya ya Bram Stoker ya 1897, amegeuzwa pande la mtu lenye misuli. Pwani, ambako mtoto hukanywa mapema asitaje majini ovyo usiku, nani atamwogopa huyo? Mfasiri hodari aweza kuongeza mzaha juu ya mzaha. Woga usiokuwemo hana pa kuutoa.