Sauti Nayo ni Jembe

Mkulima wa Karatu akivunjikiwa na jembe huacha kulima akaenda kulitengeneza. Lakini mwalimu wa wilaya hiyo hiyo, au mwongoza watalii anayeshinda garini akieleza habari za Ngorongoro, sauti ikimkauka hujikaza akazidi kuipaza. Hapo ndipo anapojiumiza.

Ndani ya koo zimo nyuzi mbili za sauti. Mwanamke anapozungumza, nyuzi hizo hugusana mara 200 hivi kwa sekunde. Za mwanamume, mara 100 na zaidi. Apazaye sauti kutwa katika vumbi bila kunywa maji huzichosha, hata zikavimba au kuota vinundu. Wapo pia ambao nyuzi zao ni nzima, ila wasiwasi na uchovu vimekaza misuli ya koo, sauti ikatoka kwa kukwaruza.

Kwa hao wa pili hasa, wataalamu wa ng'ambo wanatazama msaada wa miwani ya uhalisia pepe. Avaaye hujiona yu ufukweni au msituni, huku akielekezwa kupumua polepole. Mwili ukitulia, misuli hulegea, na mazoezi ya sauti huwa mepesi. Uchunguzi wa jambo hili kwa magonjwa ya sauti ungali mchanga. Na miwani ni msaidizi wa tiba, si tiba yenyewe.

Basi asiye na miwani asijione mnyonge. Mwongoza watalii asimamapo ukingoni mwa kreta, mita 600 hivi juu ya sakafu yake, ziwa Magadi likimeta chini, anayo mandhari halisi. Mwalimu naye anacho kivuli cha mti nyuma ya darasa. Alegeze mabega na taya, avute pumzi puani hadi tumbo lijae, kisha aitoe taratibu huku akivumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa. Dakika 5 zatosha kwa kuanzia.

Hata hivyo, utulivu hauondoi uvimbe. Sauti ikikwaruza zaidi ya majuma matatu, au kukiwa na damu, taabu ya kumeza au ya kupumua, yapasa kumwona daktari wa masikio, pua na koo, kama wale wa Hospitali ya KCMC, Moshi. Nauli hiyo si hasara, maana saratani ya koo nayo huanza kwa sauti kukwaruza, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Nasi wa nyumbani tusaidie. Mama arudipo kutoka darasani, tumsogelee tuzungumze naye karibu, tusimwache apige kelele kutuita toka uani.