Dawa ya Nguruwe Isiyo na Jina

Mfugaji wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, awe wa Mbozi au wa Njombe, akiingia katika duka la dawa za mifugo na kueleza kwamba nguruwe wake amegoma kula tangu jana na mwili unamchemka, aghalabu haulizwi uzito wa mnyama wala siku aliyokusudia kumchinja. Muuzaji hushika chupa ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, akachoma kizibo cha mpira, akavuta dawa kadiri ya fedha iliyoletwa, kisha akamkabidhi bomba la sindano, naye akalitia mfukoni akaenda zake. Chupa hubaki rafuni, pamoja na maelezo yote yaliyochapwa ubavuni mwake.

Hapo ndipo ulipo mushkili, nao kwa rai yangu unatushughulisha kidogo mno kuliko dawa bandia tunazozilalamikia kila uchao, ilhali dawa hii ni halali na huenda ni nzuri. Lebo za dawa hiyo ya asilimia 20 kwa kawaida huagiza mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama, tena nyingi huonya isizidi mililita 5 mahali pamoja, na, lililo zito kupita yote, kwamba nyama isiliwe mpaka zipite siku ambazo kwa nguruwe huweza kufika 28. Basi nguruwe wa kilo 60 astahili mililita 6, zigawanywe shingoni nyuma ya masikio, kushoto na kulia. Akipigwa 2 kwa kuwa fedha iliishia hapo, vijidudu dhaifu hufa na vile vikaidi vikasalia kuzaana, na asipopata nafuu huuzwa upesi kabla hajafa, dawa ya jana ingali mwilini mwake.

Na usugu wa namna hiyo hauishii bandani: mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba wameona katika nguruwe, katika nyama ya madukani na katika wagonjwa wa hospitali, jeni iitwayo mcr-1, inayowapa bakteria uwezo wa kuistahimili kolistini, dawa ambayo matabibu huiweka kuwa akiba ya mwisho. Hata sisi wa pwani, ambao wengi wetu nyama hiyo ni haramu kwetu, hatuna pa kukimbilia, kwa maana vijidudu havishiki dini: hupita katika maji, katika samadi na katika mikono ya watu.

Kisha kuna homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza na daktari wa mifugo Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, na ambayo hadi leo haina tiba. Husababishwa na virusi, navyo antibiotiki haivigusi kabisa. Lakini kugoma kula na kuchemka mwili ni katika dalili zake za mwanzo, ndizo hizo hizo zinazomkimbiza mfugaji dukani. Sindano moja hudunga mgonjwa, ikadunga wazima, jirani akija kuiazima hanyimwi, na damu iliyoganda ndani yake ikahamisha maradhi kutoka banda hadi banda.

Kuuza dawa ndani ya bomba kupigwe marufuku. Lakini mwenye nguruwe wawili hawezi kununua chupa ya mililita 100, na ukimnyima bomba pasipo kumpa badala yake umemnyima dawa; kwa hiyo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ndiyo inayosajili dawa hizi, iwashurutishe waagizaji walete vichupa vya mililita 10 na 20, vyenye maelezo ya Kiswahili, na mkaguzi wa machinjio aulize tarehe ya sindano ya mwisho kabla ya kupiga mhuri. Denmark, nchi ya nguruwe wengi, ilibana tangu 1995 faida ambayo waganga wa mifugo waliipata kwa kuuza dawa, ili anayeamua tiba asiwe na tamaa ya kuuza; kwetu muuzaji ndiye huyo huyo anayeamua. Wenye maduka watateta kwamba vichupa vidogo ni ghali. Ni kweli, na nyongeza hiyo ya bei itamwangukia mfugaji. Lakini leo analipia mililita 2 ambazo hazimponyi mnyama wake, kisha anampoteza mnyama mwenyewe.