AFYA YA JAMAA: Mapasa wawili, sahani moja



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloumiza jamaa nyingi. Mama ana mapasa. Wanakula bukari moja, sahani moja. Mmoja anakomaa vizuri. Mwenzake anavimba miguu, nywele zinageuka nyekundu, hataki tena kucheza. Ni kwashiorkor. Hapo maneno yanaanza katika lupango: «Huyu mama anabagua watoto!» Wengine wanasema: «Kuko mulozi.» Je, ni kweli?

Sikilizeni. Kule Malawi, ambako watu wanakula bukari ya mahindi kama sisi, waganga wa pale na wenzao wa Marekani walifuata jozi 317 za mapasa mpaka umri wa miaka 3. Habari yao ilitoka mwaka 2013. Katika jozi 43 kwa kila 100, pasa mmoja alipata ugonjwa wa kukosa chakula bora, mwenzake hapana. Nyumba moja, chungu kimoja!

Basi waganga wakatazama tumbo. Ndani ya matumbo yetu sote munaishi mikrobe nyingi sana, na nyingi zinatusaidia kutumia chakula. Wakachukua mikrobe katika choo cha mapasa, wakazitia katika panya waliolelewa mahali pasipo mikrobe hata moja. Panya hao wakalishwa chakula namna ya Malawi. Waliopewa mikrobe za mtoto mgonjwa walikonda sana kuliko waliopewa za pasa mzima. Chakula kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa mikrobe.

Kisha wakawapa chakula cha dawa, kile cha karanga, maziwa, mafuta na sukari. Panya wakapata nguvu. Lakini waliporudishwa kwa chakula cha kwanza, sehemu ya ule uzuri ikapotea.

Kweli, panya si mtoto, na mikrobe si sababu yote. Chakula kibaya na mikrobe mbaya vinatembea pamoja. Lakini tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, baba, usimhukumu mke wako, wala bibi kizee wa jirani. Mtoto anaweza kuugua bila mtu kumnyima chakula.

Pili, bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likibaki, musingoje. Mumpeleke kwa kituo cha afya siku ile ile.

Tatu, wakimpa chakula cha dawa, amalize siku zote alizoandikiwa. Musikigawanye kwa wakubwa, musikiuze sokoni. Na akirudi nyumbani, bukari isiende peke yake: mutie karanga katika sombe, mupike maharagi, mutafute samaki wadogo.

Ninyi vijana, mukisikia maneno ya ulozi juu ya mtoto aliyevimba, muwaelezee wakubwa habari ya panya wa Malawi.

Mubaki na afya, mpaka mwezi ujao.