Barua ya wazi kwa Kamanda wa Usalama Barabarani kuhusu upepo wa matairi

Mheshimiwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani Tanzania,

Nakuandikia kuhusu imani moja iliyoota mizizi kwa madereva wetu: kwamba anayesafiri mbali juani apunguze upepo kwanza, maana tairi likishika moto litajaa na kupasuka. Utaisikia kwa madereva wazoefu na kwa mafundi pancha wanaoheshimika mtaani. Imani hiyo inaua, na wewe una sauti ya kuiondoa.

Ni kweli hewa ikipata joto hutanuka. Lakini watengenezaji wa matairi walishalipigia hesabu ongezeko hilo, ndiyo maana kipimo chao husomwa tairi likiwa limepoa, gari halijatembea. Tairi lenye upepo haba hulalia ubavu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 11 kila sekunde, na kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua, kama waya unaokunjwakunjwa mkononi hadi unapata moto na kukatika. Joto linazaliwa ndani ya mpira wenyewe, mpaka mpira unaachana na nyaya zilizo chini ya kashata. Fundi akilivua kwenye rimu tairi lililokimbizwa hivyo, ndani anakuta vumbi jeusi la mpira uliosagika. Kashata zinaweza kuwa bado ndefu kabisa! Kwa nje lingepita ukaguzi wowote wa macho.

Tairi kipara kila mtu analiona. Pale mizani ya Vigwaza uzito wa gari unajulikana kwa kilo. Upepo unaoubeba uzito huo hauonekani kwa jicho, wala teke la buti haliupimi. Basi lina shida zaidi, kwa sababu nyuma matairi yamekaa mawili mawili. La ndani likipungua upepo, la nje linabeba mzigo wa yote mawili, na abiria hawajui lolote.

Ninachoomba ni geji. Mkaguzi anayepanda zamu alfajiri Stendi ya Magufuli awe nayo mkononi, apime kabla basi halijaondoka, tairi la ndani likiwemo. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, gari lisipewe stika kabla upepo haujapimwa. Na Wakala wa Vipimo, wanaohakiki pampu za mafuta, waombwe kuzipitia na geji za vituo vya mafuta, kwa kuwa dereva mwenye nia njema akipewa kipimo cha uongo hana pa kukimbilia.

Elimu nayo iende na mambo yalivyo kwetu. Magari madogo mengi tumeyanunua Japani yakiwa yametumika. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ila kwa Kijapani na kwa kilopaskali: 220, 230. Geji ya mtaani inasoma 32, 33. Dereva hajui kwamba 220 ile ndiyo 32 hii, basi anamwachia fundi akadirie. Karatasi moja yenye namba hizo, ikigawiwa na askari wako barabarani, ingetosha.

Wafundishwe pia kusoma umri wa tairi, hasa wanunuzi wa mtumba. Ubavuni kuna tarakimu 4 za mwisho wa namba ya kiwanda; 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na tairi la namna hiyo hung'arishwa likauzwa likionekana jipya.

Mabasi ya alfajiri yanaondoka kila siku, Kamanda. Naomba kazi hii isisubiri msimu wa sikukuu, watu wanapojaa stendi na wakaguzi wanapozidiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva, Morogoro