Nyumba Mpya Nayo Iwe na Faili

Familia inapohamia katika nyumba mpya, haitarajii kukutana tena na maradhi iliyoyaacha katika chumba cha kupanga. Lakini masika ya kwanza hufichua mengi. Ukuta wa chumba cha watoto hufura, rangi hubanduka, na nyuma ya kabati huota madoa meusi ya ukungu. Mtoto mwenye pumu huanza kukohoa usiku. Mama humpeleka zahanati, baba humpigia simu mkandarasi. Zahanati hutoa dawa, mkandarasi hutoa ahadi, na hakuna aandikaye neno lolote kuhusu ukuta.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo hupotea vivyo hivyo. Mikataba mingi ya ujenzi huweka muda, aghalabu miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano, ambao ndani yake mkandarasi hulazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Muda huo hauisubiri familia inayosubiri ahadi za simu. Ukishapita, mkandarasi huweza kudai kuwa unyevu umeletwa na wakazi wapikao na kuanika nguo ndani, na familia haina cha kumjibu.

Kwamba unyevu hudhuru afya si jambo la kubishaniwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unauhusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na kikohozi, kubanwa kwa kifua na pumu. Nchini Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki dunia mjini Rochdale mwezi Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka 2. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, na baba yake alikuwa ameulalamikia ukungu tangu mwaka 2017, akaambiwa aupake rangi. Mwezi Novemba 2022, afisa wa mahakama aliyechunguza kifo hicho aliamua kuwa kilitokana na ukungu aliouvuta mtoto kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuwabana wenye nyumba za kijamii washughulikie hatari za namna hiyo kwa muda maalumu. Rangi juu ya ukungu ni kama dawa ya maumivu kwa mgonjwa wa kidole tumbo: dalili hufichwa, ugonjwa huendelea.

Basi nyumba ichunguzwe kama mgonjwa achunguzwavyo. Kila kasoro ipewe mstari wake: tarehe ilipoonekana, chumba, mahali hasa ukutani, na ukubwa wake kwa sentimita. Picha ipigwe kwa mbali ili chumba kitambulike, kisha kwa karibu, rula ikiwa kando ya doa. Ncha za ufa ziwekewe alama ya penseli na tarehe, ili ijulikane kama unarefuka. Siku za mvua ziandikwe pia, kwani doa linalokua baada ya mvua huelekeza macho kwenye paa au ukuta wa nje, na lile linalokua wakati wa kiangazi huelekeza kwenye bomba. Yote yafanyike kabla ya kukwangua au kupaka chochote. Kisha barua iandikwe, itaje siku ambayo jibu linatarajiwa, na nakala yake isainiwe na aliyeipokea.

Upo ukweli unaomtetea mkandarasi, nao usifichwe. Zege na lipu mbichi hubeba maji mengi, na huchukua miezi kukauka. Si kila jasho la ukuta ni uzembe. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika kwa wiki kadhaa badala ya kupiga picha moja ya hasira. Unyevu wa ujenzi hupungua mfululizo, ilhali unaotoka ardhini au kwenye paa bovu hurudi. Daftari la haki humlinda mkandarasi mwaminifu kama limlindavyo mwenye nyumba.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Kikohozi kinachopungua mtoto akiwa kwa bibi yake na kurudi akirejea nyumbani kinastahili swali moja: ukuta anaolala kando yake ukoje? Jibu liingie katika faili lake. Mhudumu asiandike kuwa nyumba imemwugusha mtoto ikiwa hakuthibitisha. Aandike alichokipima, alichoelezwa, na nani aliyemweleza. Maandishi ya namna hiyo yana uzito kuliko shutuma.

Kumbukumbu peke yake haikaushi ukuta, na kisa cha Rochdale chaonyesha kwamba mlalamikaji huweza kulalamika miaka mingi asisikilizwe. Lakini anayekataa kusikiliza lililoandikwa huulizwa baadaye kwa nini alikataa. Lisiloandikwa halimpi mtu yeyote swali la kujibu, na mtoto huendelea kukohoa.