Kompyuta Mpya: Tununue Sasa au Tungoje?

UKURASA WA MATUMIZI YA NYUMBANI

Hapa tumezoea kuzungumzia unga, mafuta, ada za shule na kodi ya nyumba. Mwezi huu tutazungumzia kitu ambacho siku hizi kimeingia katika bajeti za nyumba nyingi, nacho ni kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wetu tunavyoiita.

Mama mmoja ametuandikia. Kazi yake ni kuchapa mitihani ya shule za jirani, na pia yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama. Kompyuta yake ni ya mwaka 2016. Asubuhi huiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi akaikuta bado inazunguka. Yeye na mumewe wametenga fedha kidogo kidogo kwa miezi minane, na sasa zinatosha kununua kompyuta moja. Lakini mtoto wa shemeji yake, kijana anayezifahamu sana habari hizi, amewaambia wasinunue, maana prosesa mpya ziko njiani. Baba naye amelikubali neno hilo. Tena binti yao anatazamia kuanza chuo mwakani, naye atahitaji kompyuta. Mama anauliza: “Ningoje, au ninunue? Mwezi uliopita nilichelewesha mtihani wa darasa zima, na mwalimu mkuu alisema nikichelewesha tena atatafuta mtu mwingine.”

Swali hili si la mama huyu peke yake. Tulitazame kwa utulivu.

Prosesa ni nini?

Prosesa ni kile kijipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote. Ukibonyeza herufi, ukifungua picha, ukijumlisha michango ya kikundi, yeye ndiye mtendaji. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa yake ya kwanza ya namna hii, iliyoitwa 4004, yenye swichi ndogo za umeme 2,300 hivi. Mwaka 2020 kampuni ya Apple ilitoa prosesa yake ya M1 yenye swichi bilioni 16. Katikati ya miaka hiyo hakukuwa na wakati ambapo mafundi walisema, “Sasa tumefika, tupumzike.”

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: prosesa mpya daima iko njiani. Apple ilitoa M1 mwaka 2020, M2 mwaka 2022, M3 mwaka 2023, M4 mwaka 2024 na M5 mwaka 2025. Intel nayo haikulala. Mtu aliyesema mwaka 2022 kwamba anangoja ile mpya, angeweza kuyasema maneno hayo hayo kila mwaka uliofuata, wala asionekane mwongo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Je, kungoja hakuna faida kabisa?

Hapana, tusimwonee kijana yule. Zipo nyakati ambapo kungoja kulilipa. Mwezi Juni 2020 Apple ilitangaza kwamba itaacha prosesa za Intel na kutumia zake yenyewe. Novemba mwaka ule ule kompyuta hizo zilitoka. Betri zake zilidumu muda mrefu zaidi, na MacBook Air mpya haikuwa hata na feni. Aliyengoja miezi mitano alipata kitu tofauti kabisa. Aliyenunua ya Intel wakati ule amekuja kuambiwa mwaka 2025 kwamba toleo la mfumo la mwaka huo ndilo la mwisho kwa kompyuta za namna yake.

Vivyo hivyo mwaka 2017. Prosesa za Intel za kizazi cha nane zilipoingia katika kompyuta nyembamba, zilikuja na viini vinne mahali ambapo kizazi cha saba kilikuwa na viwili. Ni kama kuwa na mafiga ya vyungu viwili badala ya kimoja.

Lakini angalieni mambo matatu yaliyokuwapo katika kungoja huko. Jambo lenyewe lilikuwa limetangazwa na kiwanda, si uvumi. Muda wa kungoja ulijulikana. Na badiliko lilikuwa kubwa, si la kuongeza chumvi tu. Anayekwambia ngoja, mwulize hayo matatu: Nani ametangaza? Itatoka lini? Itabadili nini katika kazi yangu? Akikosa jibu hata moja, basi anakuletea habari tu, si shauri.

Tena kutangazwa si kufika. Intel ilieleza prosesa zake za Lunar Lake mwezi Juni 2024, na kompyuta zake zikaanza kuuzwa mwishoni mwa Septemba. Hapo ni katika nchi za kwanza. Mpaka zifike kwa wingi katika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa bei ambayo mama wa kawaida anaweza kuitazama bila kushika kichwa, ongeza miezi mingine.

Na kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba prosesa ya Pentium, iliyokuwa fahari ya wakati ule, ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Intel ililazimika kuwabadilishia wateja na kutenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo. Mara nyingi faida ya kungoja haiko katika kununua ile mpya, bali katika kununua ile ya jana baada ya bei yake kushuka.

Hata hivyo, msitegemee kwamba bei hushuka daima. Kuelekea mwisho wa mwaka 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipanda sana, kwa sababu mitambo ya akili bandia ilikuwa ikizimeza kwa wingi. Wengi waliokuwa wakingoja punguzo walikutana na ongezeko.

Gharama ya kungoja

Akina mama tunajua kuhesabu gharama ya kununua, lakini gharama ya kungoja hatuiandiki daftarini. Tuseme kompyuta yako inakupotezea nusu saa kila siku ya kazi, kwa kuwaka polepole, kuganda na kujizima. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni saa 11. Kwa miezi sita ni saa 66, yaani zaidi ya siku nane za kazi za saa nane nane. Siku nane! Ungekuwa na mtumishi anayekosa kazini siku nane, ungemwuliza.

Na kwa mama yetu iko gharama kubwa kuliko saa, nayo ni jina lake zuri kwa mwalimu mkuu. Prosesa itatoka nyingine mwakani. Mteja akiondoka, huenda asirudi.

Kuna tarehe inayotuhusu zaidi

Wakati tunaambiwa tungoje prosesa, tarehe moja muhimu imepita na wengi hawakuiona. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wengi hawakujua. Lakini nyufa mpya zikionekana ukutani, hakuna tena wa kuziziba, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika nyongeza ya mwaka mmoja, ambayo Microsoft ilisema itafika tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anayetunza fedha za watu katika kompyuta hapaswi kulipuuza jambo hili.

Windows 11 nayo haikubali kila kompyuta. Inataka sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya kazi isiyopungua GB 4, na kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache, inataka kizazi cha nane au zaidi.

Utajuaje kizazi? Mwombe kijana wa nyumbani akufungulie ukurasa wa maelezo ya kompyuta, usome namba ya prosesa. Ukiona i5-6200U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Ukiona i5-8250U, ni cha nane. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za kwanza: kizazi cha kumi. Jifunzeni kusoma namba hii kabla ya kwenda dukani. Muuzaji atakwambia, “Mama, hii ni i7, ni kubwa kuliko i5.” Lakini i7 ya kizazi cha sita katika kompyuta nyembamba mara nyingi huachwa nyuma na i5 ya kizazi cha nane.

Kabla ya kununua, tengeneza

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mara nyingi kinachochelewesha kompyuta ya zamani si prosesa, bali diski yake ya kuzunguka. Fundi akiiondoa na kuweka ile isiyozunguka, iitwayo SSD, kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nyingi huweza kuwaka chini ya dakika moja. Ikiwa kumbukumbu ya kazi, ile mafundi waiitayo RAM, ni GB 4, na kompyuta inaruhusu kuongezwa, ipeleke GB 8. Kwa kawaida kazi hii hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya.

Ila kabla fundi hajagusa kitu, nakili kazi zako zote mahali pengine. Na ujue kwamba matengenezo hayo huongeza mwendo tu. Hayageuzi kizazi cha sita kuwa cha nane, wala hayafungui mlango wa Windows 11.

Ukiamua kununua

1. Andika kazi zako kwanza. Kuchapa, hesabu, barua pepe na mikutano ya video havihitaji prosesa ya mwaka huu. Kuhariri filamu au kuchora ramani za majengo ni habari nyingine.

2. Weka fedha katika kumbukumbu kabla ya jina la prosesa. Kompyuta nyingi mpya hazifunguliwi kuongezwa RAM. Katika Lunar Lake imeunganishwa na prosesa yenyewe. Kwa hiyo utakayonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa kununua leo, GB 8 ni mwanzo na GB 16 ni utulivu.

3. Usiione mtumba kuwa aibu. Kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya na kuuzwa tena nyingi ni imara. Lakini hakikisha ni kizazi cha nane au zaidi, jaribu betri kwa kuchomoa chaja na kungoja nusu saa, kagua kioo na kila kibonyezo, na udai garantii ya maandishi.

4. Usitumie fedha zote kwa mashine. Bakiza za mfuko wa kubebea, diski ya kuhifadhia nakala na kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka.

Shauri langu kwa mama aliyeandika

Mama mwenzangu, umeuliza swali moja, lakini ndani yake yamo mawili, na kila moja lina jibu lake.

Kwa kazi yako, usingoje. Kompyuta ya 2016 haitakubali Windows 11, na mteja wako amekwisha kukupa onyo. Nunua sasa iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi, yenye SSD na RAM ya kutosha, kwa duka lenye garantii. Haitamaliza fedha zenu zote. Hesabu za kikundi zihamishie huko wiki hiyo hiyo.

Kwa binti yako, ngoja. Lakini usingoje prosesa. Ngoja kujua atasoma nini. Kozi ya ualimu na kozi ya uchoraji wa majengo hazihitaji kompyuta moja. Akipata nafasi, aulize idara yake wanataka nini, kisha mnunue mara moja kwa bei na aina zitakazokuwapo wakati huo. Fedha zinazobaki sasa ziwe mwanzo wa akiba hiyo.

Na baba, mweleze kwa upole, usiku watoto wakishalala, ukiwa na daftari lako la saa zilizopotea. Usimwambie kwamba kijana amekosea, maana ni kweli prosesa mpya zinakuja. Mwonyeshe tu kwamba kungoja kuna maana pale unapongoja jambo linalokuhusu. Kijana naye mpeni kazi: awasindikize dukani asome zile namba. Maarifa yake yatafaa zaidi huko.

Wasomaji wengine mliomo katika shauri kama hili, jiulizeni swali hili moja: “Kompyuta niliyo nayo inanizuia kazi gani leo?” Ukikosa jibu, funga pochi yako, hata kama matangazo yanang'aa namna gani. Ukipata jibu, na matengenezo hayaliponyi, nunua inayotosha kazi hiyo, kisha usitazame tena bei kwa mwaka mzima.

Hadi toleo lijalo, nawatakieni matumizi mema.