Usiuze mwamba wako kwa kokoto kabla ya kupiga hesabu

Mjomba wangu ana shamba la ekari nane upande wa Machakos. Karibu ekari mbili kati ya hizo ni mwamba mtupu. Tangu nikiwa mtoto mwamba huo umehesabiwa kuwa hasara: hauoti mahindi, mbuzi hawapati majani, na mvua ikinyesha maji huteremka kwa kasi na kubeba udongo.

Miaka mitatu iliyopita vijana kutoka Nairobi walianza kufika Jumapili wakiwa na kamba na kofia ngumu. Wanakwea mwamba kama mchezo, na huu wa mjomba uliwavutia kwa sababu uko hatua chache tu kutoka barabarani. Mzee hakuwakataza. Lakini Jumapili moja lango liliachwa wazi, ng'ombe wa jirani wakaingia na kumaliza mbaazi. Jumapili nyingine gari liliegeshwa katikati ya njia ya mkokoteni. Mwezi uliopita mjomba akafunga lango kwa kufuli. Wiki hiyo hiyo akaja broka wa kokoto.

"Mpwa wangu, wewe umesomea mambo haya," aliniambia kwa simu. "Nimpe huyu?"

Jibu langu ni kwamba asimpe mtu yeyote kabla ya kupiga hesabu. Kosa la wageni ni kweli, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kukosa makubaliano.

Tatizo hili si la mjomba peke yake. Huko Kentucky, Marekani, kuna eneo la miamba liitwalo Red River Gorge. Mwamba mmoja maarufu wa hapo, Roadside, uko karibu na barabara kama jina lake linavyosema, na ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2011 wenyewe waliufunga baada ya wageni kupuuza masharti yao. Baadaye ulifunguliwa tena, safari hii kwa wenye vibali. Wakwea miamba wenyewe walikuwa wameliona tatizo hilo mapema: mwaka 2004 chama chao kilinunua zaidi ya ekari 700 katika eneo hilo ili wasitegemee hisani ya wengine.

Faida iliingia wapi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Kentucky ulikadiria kuwa wakwea miamba walikuwa wakitumia takriban dola milioni 3.8 kwa mwaka katika eneo hilo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye chakula, malazi na mafuta ya gari. Duka la Miguel's, lililoanza miaka ya 1980 likiuza aiskrimu, leo linalisha wageni piza na kuwapa mahali pa kupiga hema. Yaani watu huja kwa ajili ya mwamba, lakini fedha huachwa mezani na kitandani.

Sheria ya Kentucky pia humlinda mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuingia kwa burudani bila kutoza ada. Kwetu Kenya usitegemee kinga ya aina hiyo. Sheria yetu ya wajibu wa wenye majengo na ardhi, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali achukue hadhari ya kutosha kwa usalama wa mgeni wake. Kibao cha "ingia kwa hatari yako" pekee huenda kisikuokoe. Hata hivyo, sheria hiyo inatambua makubaliano, na pia hatari ambazo mgeni amezikubali kwa hiari yake. Ndiyo sababu karatasi iliyotiwa saini ina thamani kuliko kufuli.

Ningekuwa mjomba ningefanya mambo manne. Kwanza, nisingezungumza na kila kijana anayeshuka garini, bali na chama. Mountain Club of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1949, kina wanachama ambao wamekwea Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, kwa miongo mingi. Chama kina viongozi wa kuulizwa.

Pili, ningeandika kibali cha kuingia cha mwaka mmoja, si mkataba wa kukodisha ardhi. Kukodisha shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na bila idhini hiyo mkataba huwa batili. Wakili aisome karatasi hiyo, na chama kieleze kina bima gani.

Tatu, ningeweka masharti machache yanayoeleweka: siku za kuja, mahali pa kuegesha magari, lango kufungwa, takataka kurudi na mwenyewe. Upande mmoja wa mwamba ungebaki wa mizinga ya nyuki, mbali kabisa na wakweaji. Nyuki na kamba haviendi pamoja.

Nne, nisingeuza mwamba. Ningeuza chai, chapati, kuku wa kienyeji, asali na mahali pa kupiga hema.

Tupige hesabu ya mfano. Wageni 20 wakila chakula cha Sh300 kila mmoja, hiyo ni Sh6,000 kwa Jumapili. Kwa Jumapili 40 ni Sh240,000. Tukichukua theluthi kuwa faida, mjomba anabaki na Sh80,000 kwa mwaka. Si utajiri. Broka huenda akatoa zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja.

Lakini kokoto huuzwa mara moja. Kinachobaki ni shimo la kukusanya maji, mbu na hatari kwa watoto na mifugo, na vumbi kwenye mimea ya jirani. Tena uchimbaji huo unahitaji leseni ya NEMA. Broka asiyetaja leseni anakuachia wewe mwenye hatimiliki kujibu maswali.

Kwa wakwea miamba nina neno moja: kimya cha mwenye shamba si ruhusa. Kuingia shamba la mtu bila idhini ni kosa kisheria, na lango moja lililoachwa wazi linaweza kuwafungia mwamba wenzenu wote. Mbaazi zilizoliwa zilipwe kwanza, mazungumzo yafuate.

Mjomba bado hajaondoa kufuli, lakini broka amemwambia asubiri hadi mwisho wa mwezi. Jumapili ijayo nitakuwa huko, na vijana wawili wa kamba wamekubali kuja kuzungumza naye. Nimewaambia waje na pesa za mbaazi.

Mwandishi ni mchumi wa kilimo.